Sahani Iliyoingia Baa

Kwetu sahani ya watu haikai. Ukiletewa futari, ukiletewa biriani la harusi, ukiletewa hata vitumbua viwili vya kuonja, unakula, unaosha sahani, unairejesha. Na hairudi tupu. Huna kitu? Tia sukari kidogo kwenye karatasi. Huna sukari? Tia ndimu. Mama mkwe wangu, ambaye nnakaa naye nyumba moja tangu nlipoolewa, aliwahi kurejesha sahani ina majani ya mchaichai tu, maana siku hiyo jikoni hamkuwa na kitu chengine. Lakini tupu haikurudi.

Nnaanza na hili ili ieleweke kwa nini mie, mama wa watoto wanne, mwenye buibui langu na swala zangu, nlionekana na nusu ya mtaa nnaingia baa, jua bado kali. Yalisemwa mengi. Walosema waliniona nnaingia, hawakuona nlichofuata.

Nyumba inayotazamana na yetu hapa Mji Mkongwe iko karibu hata chumvi tulikuwa tunapeana dirisha kwa dirisha. Humo alikuwa akikaa bibi mmoja, jirani yangu wa miaka yote. Kisamvu tulikuwa tunatwanga pamoja kwenye kinu chake, yeye mchi, mie mchi, huku tunasengenya na huku tunastaghfiru. Alipofariki, watoto wake, ambao wote wako ng'ambo, wakampa nyumba mgeni mmoja wa Ulaya. Mgeni akapaka chokaa, akasugua mlango wa nakshi mpaka ukang'ara, akaingia. Hakuwa mtu wa fujo. Akisalimia. Kiswahili chake cha kununulia, lakini akisalimia.

Ramadhani ilipoingia mama mkwe akanambia, "Na jirani wa mbele mpelekee."

Nkamwambia, "Mama, yule hafungi."

"Nani kakuuliza kama anafunga? Nimesema ni jirani."

Basi. Siku hiyo sahani zote zilikuwa nje, nyengine zimekwenda msikitini, nyengine kwa majirani. Binti yangu mkubwa alikuwa kwangu, na mimba yake ya kwanza, maana kwetu mimba ya kwanza mtoto wa kike hurudi kuzalia kwa mama yake. Yeye ndo aliyepakua. Muhogo wa nazi, samaki changu wa kukaanga, sambusa. Akatazama sahani zilizobaki, akaona moja nyeupe nzuri, nimeiosha, nimeiegemeza dirishani ikauke. Akaona mgeni apewe iliyo bora. Hivyo ndivyo nlivyomlea, siwezi kumlaumu. Akapakua, akafunika kawa, akavuka nayo.

Mie nlikuwa nnaswali. Nlipotoka, dirishani hamna kitu.

Ile haikuwa sahani ya chakula. Ile ndo sahani ya kombe. Nyeupe, ukingo wa buluu, na upande mmoja imepasuka kidogo, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Mama mkwe aliletewa na mama yake kutoka Makunduchi. Mtu akiumwa, au mwanamke akikaribia kujifungua, mwalimu wa chuo cha Kurani huandika aya juu yake kwa zafarani, tukaizimua kwa marashi mawaridi, mgonjwa akanywa. Wanangu wote wanne nimewazaa nshainywea. Wapo wanaosema ni bidaa, na mie sigombani nao, kila mtu na elimu yake. Na kliniki tunakwenda, asinambie mtu kuwa hatwendi. Kliniki tunakwenda na kombe tunakunywa.

Nkasema, haidhuru, kesho itarudi.

Kesho haikurudi. Wala keshokutwa. Na sahani huwezi kuidai! Ukimwendea jirani ukamwambia lete sahani yangu, umemwambia huna adabu. Basi tunangoja. Tunafuturu, tunatazama mlango wake. Idi ikapita. Binti yangu tumbo likateremka, akawa akikaa hainuki mpaka ashikwe mkono. Mama mkwe akanambia, "Mwanangu, sahani iko wapi? Wakati umefika."

Nkamwambia, "Mama, tutumie nyengine. Nnayo mpya ya kioo."

"Hiyo mpya itafaa," akasema. "Kwa wali."

Hapo nkavaa buibui. Nlikuwa nshaswali alasiri.

Aliyenifungulia ni mpishi wake, dada mmoja wa Matemwe. Nlipomwuliza tu akajua.

"Yenye ukingo wa buluu? Mwenyewe kaichukua, bibi. Mie nliiosha nkaitia vitumbua nkurejeshee. Akaiona. Akasema nzuri, ya kale. Vitumbua kala, sahani kaondoka nayo."

"Kaondoka nayo kwenda wapi?"

"Kwenye biashara zake. Ana duka la viungo nyuma ya soko, ana na mgahawa. Anza huko."

Akataka kusema jengine, akanyamaza. Sikujua kwa nini. Baadaye nlijua.

Nkaenda Darajani. Soko lile nalijua kama nyumba yangu, najua nani anachanganya mchele na nani ana mizani ya kweli. Lakini siku hiyo nlipita moja kwa moja, mpaka muuza samaki wangu akanipigia kelele.

"Bi mkubwa! Leo unapita kama mtu wa manispaa! Changu hawa, wa asubuhi!"

"Wa asubuhi ya jana?"

"Wallahi wananuka bahari!"

"Wananuka, hilo nimekubali. Leo sitaki samaki, nnatafuta sahani."

"Sahani kabla ya samaki?" Wenziwe wakacheka. "Basi utatia nini, bi mkubwa? Hasira?"

Maneno yake nlikwenda nayo njia nzima.

Duka lenyewe nlikuwa nikilipita siku zote sijali. Nkaingia. Ubaridi wa mashine, na harufu ya iliki. Karafuu za Kizimbani, ambazo sisi tunaziona zimeanikwa mkekani kama mchanga, humo ziko kwenye kichupa mfano wa dawa ya macho, kimefungwa utepe. Kila kichupa na karatasi yake. Mie Kiingereza nimesoma darasa la jioni, nshazaa, mtoto wa mwisho nimemlaza mapajani na daftari juu yake. Kwa hiyo nnasoma. Na ukutani palitundikwa pawa, zile za kifuu cha nazi tunazochotea mchuzi, chini pameandikwa kuwa ni pambo la asili.

Nkamwita msichana anayeuza. "Mwanangu, hili pambo?"

Akacheka, mtoto wa mjini tu, kajitanda vizuri. "Mama, na kwetu upawa upo. Jana tu bibi kanipiga nao wa mgongo. Lakini hapa mie nnaambiwa niseme pambo."

"Na wewe unasema."

"Nnasema, mama. Nifanye nini?"

Sahani akasema hamna, sahani zimekwenda mgahawani. Nkatoka bila ya kununua. Kidogo hicho nlichoweza.

Mgahawa uko kwenye nyumba ya zamani ambayo nlipokuwa mdogo ilikuwa ya fundi cherehani. Nlisimama mlangoni nkashangaa. Kawa! Kawa za ukili, tunazofunikia chakula, zimetobolewa juu, zimetiwa taa, zinaning'inia kwenye boriti. Na chini yake watu wanakula chakula kiko wazi, inzi wanatua. Mwenye akili anieleze. Inzi yuko chini, kawa iko juu inafunika taa. Mbuzi za kukunia nazi zimegongwa misumari ukutani, meno yao yanatutazama. Na urojo, huu urojo wetu wa kunywa kwa bakuli umesimama, jasho linakutoka, wameutia kwenye glasi ya shingo ndefu, juu jani moja la nanaa. Mwanamme mmoja anaupiga picha. Alivyomaliza kuupiga picha bila shaka ulikuwa ushapoa.

Sisemi wasile. Wale, chakula cha Mungu. Nnachosema ni kuwa vitu vile vyote vimetoka jikoni mwa watu, na hao watu jikoni mwao sasa wana ndoo ya plastiki. Tumeviuza wenyewe, au watoto wetu wametuuzia, halafu tunakuja kulipia kuviona. Nlikuwa nimesimama pale na hasira ya kujaza sahani nzima.

Mtumishi akanijia. "Karibu mama, umepotea?"

"Mie sijapotea. Sahani yangu ndo imepotea." Nkamweleza.

"Ile yenye ukingo wa buluu? Ilikuwa hapa. Sasa iko kule kwengine."

"Kwengine wapi?"

Akatazama viatu vyake. "Kule chini, kuelekea Forodhani. Panapouzwa vinywaji."

"Soda?"

"Na soda zipo," akasema.

La haula! Ndo nkajua yule dada wa Matemwe alichokimeza.

Nkasimama njiani. Nafsi moja ikanambia, rudi nyumbani, sahani ishatoka, mwambie mama mkwe imevunjika. Lakini ningemdanganya mtu mzima, na ningemnyima binti yangu kilichotuvusha sisi wote. Kisha nkajiuliza, hivi aibu ni ya nani? Mie ndo niloiba? Mie ndo nlopeleka sahani ya watu ulevini? Nkafunga buibui vizuri, nkaenda.

Miaka yote nnapita njia zile nimeinamisha macho, sikuwa na habari kuwa baa zimekuwa nyingi namna hii. Ya kwanza nlochungulia haikuwa yenyewe. Ngoma inapiga, giza, na kwenye meza ya mlangoni kakaa mwanamme wa mtaani kwetu, na glasi mbele yake. Tukatazamana. Akaivua kofia yake ya kiua akaitia mfukoni, kama kwamba kofia ndo itakayomshitaki. Simtaji. Lakini tangu siku hiyo ananisalimia kwa adabu isiyo kifani.

Ya pili ndo ile. Kijana wa mlangoni akasimama mbio.

"Shikamoo mama. Samahani, hapa... hapa si mahali pako."

"Marahaba. Najua si mahali pangu. Sahani yangu ndo imo ndani."

"Nkutolee?"

"Unaijua ni ipi?"

Hakuijua. "Basi nipishe," nkamwambia, na nkasoma bismillahi moyoni, mguu wa kushoto mbele, kama mtu anayeingia chooni.

Nliiona kabla macho hayajazoea giza. Juu ya meza ndefu, mbele ya machupa. Sahani ya kombe, sahani ya mama yake mama mkwe, imejaa vipande vya ndimu, na mtu anachota kwa vidole vyake na kutia kwenye ulevi wake. Ule upande uliopasuka umegeuzwa nyuma usionekane. Hilo ndo lililonimaliza. Waliutazama ufa, wakaona haupendezi, wakaugeuza. Hawakujua kuwa ufa ule ndo mama mkwe anaomwelekezea mwalimu, apate kujua aanzie wapi kuandika.

Jirani yangu alikuwa yuko pale pale. Akaniona, akafurahi! Akanyanyuka. "Ah, jirani! Karibu!"

"Sikukaribia. Nimefuata sahani yangu."

Akatazama nlikooneshea kidole. "Hii? Lakini ulinipa wewe. Zawadi."

"Nlikupa muhogo. Muhogo umeula?"

"Nimekula, mzuri sana."

"Basi zawadi imekwisha tumboni. Sahani ni ya watu."

Akawa mwekundu. Sikuwa nataka ugomvi, lakini adabu yake ndo iliyozidi kunipandisha. Akasema aliipenda sana, ndo maana akaiweka mahali pa heshima, kila mtu aione. Mahali pa heshima! Akasema hakujua. Akasema ataniletea nyengine mpya, nzuri zaidi.

Nkamwambia, "Miaka mingapi uko hapa? Bei ya mlango wa nakshi unaijua. Bei ya boriti unaijua. Hujui kuwa sahani inarudi?"

Meza ya nyuma, mwanamke mmoja kanyanyua simu ananitoa picha. Nkamgeukia, na kwa Kiingereza changu cha jioni nkamwambia ateremshe simu yake, mie si upawa wa ukutani. Sijui kama hilo la upawa alilifahamu. Simu aliiteremsha.

Jirani akaichukua sahani mwenyewe, akamwaga zile ndimu, akaiosha pale pale kwenye bomba, akaifuta kwa kitambaa, akanipa kwa mikono miwili. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli. Nkaipokea. Halafu nkamwambia, kwa kuwa nlikuwa nshaingia na maneno hayalali, "Na kwetu, hairudi tupu."

Akanisikiliza. Akatazama huku, akatazama kule, anatafuta cha kutia. Ndimu kashazimwaga, machupa mpaka darini. Akashika bakuli la karanga, akaona vidole vya walevi vimo, akaliacha. Baa nzima, taa zote zile, na hamna kitu kimoja cha kutia kwenye sahani ya jirani.

Nkatoka nayo tupu, chini ya buibui. Ya kwanza katika maisha yangu.

Nyumbani mama mkwe akaipokea, akaitia puani kabla sijasema.

"Inanuka ndimu."

"Ndio, mama."

"Na nini?"

Nkamwambia yote, mpaka ya machupa. Nlidhani atalia. Nlikuwa tayari kulia naye. Binti yangu ameshika mlango, uso umemshuka, maana ndo aliyepakua. Mama mkwe akaigeuza sahani, akapapasa ule ufa kwa kidole gumba.

"Kwani yenyewe ilikunywa?" akauliza.

"Mama!"

"Nauliza. Ilikunywa, au ilikaa tu na walevi? Maana kama kukaa na walevi ni dhambi, marehemu baba mkwe wako dhambi zake zinaishinda sahani hii." Akacheka mpaka kanga ikamdondoka kichwani. Binti yangu naye akacheka, anashika tumbo. Mie sikucheka. Mpaka leo sioni cha kuchekesha.

Mwalimu wa chuo tulimwuliza, hatukumficha. Akasema maji yameumbwa kwa kazi hiyo, isafisheni mlete. Nkaisafisha kwa maji, tena na tena, mpaka mama mkwe akasema utaifuta ukingo. Akaandika. Tukazimua. Binti yangu akanywa na uso kaukunja kama alivyokuwa akiukunja udogoni. Alizaa hospitalini, mikononi mwa wakunga, mtoto wa kike, yeye mzima na mtoto mzima, alhamdulillahi. Sidai kuwa ni sahani. Nnasema tu kuwa ilikuwapo.

Haikupita wiki, yule dada wa Matemwe akavuka na sahani kubwa, ya kwao, imefunikwa kitambaa. Biskuti ndani, za kupika mwenyewe.

"Mwenyewe kasema ni kwa ajili ya mtoto," akanambia. "Na kasema ile ya kwanza ilikuwa na deni."

Nlikuwa nshaapa kuwa mlango ule hauoni tena hata punje ya chumvi yangu. Nkaiweka sahani yake juu ya meza, nkaizunguka siku nzima kama paka na kaa. Jioni mama mkwe, na mjukuu wake mapajani, hata hakunitazama.

"Sahani ya watu haikai," akasema.

Asubuhi nkapika vitumbua. Nkavitia kwenye sahani yake, na nkavuka nayo mwenyewe, simtumi mtu. Akafungua yeye. Nkampa mkononi.

"Sahani yako hii," nkamwambia. "Hii ukitaka itundike, ukitaka itie ndimu. Yako."

Akashukuru, akanambia karibu ndani. Sikuingia, lakini mlango ulikuwa wazi na macho hayana pazia. Uani kwake, pale tulipokuwa tunatwanga, kinu cha marehemu jirani yangu kimepakwa rangi nyeupe, kimejazwa udongo, kimepandwa maua mekundu.

Nkasimama pale pale kizingitini.

"Na kile," nkamwuliza, "kile cha nani?"